Usinunue kava lenye kibodi kwa kuangalia inchi

Nianze kwa kuliweka hili wazi: mimi siuzi kibodi. Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Nachapa barua, natoa kopi, nafanya lamineshini ya vyeti, na muhula ukielekea mwisho nachapa mitihani hadi printa inapata moto. Ila tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 vigawiwe kwa walimu, kaunta yangu haikosi mtu wa kuuliza habari za kibodi. Mwalimu anaingia na kishikwambi kwapani, anataka kuchapiwa mtihani wa kidato cha pili, anakuta foleni. "Mama Zai, hivi nikinunua lile kava lenye kibodi, si nitachapa mwenyewe?" Utachapa, mwalimu. Hela yako nitaikosa, lakini kuliko uje kulalamika hapa na kava lisiloingia, acha nikueleze.

Ninalolizungumzia ni kava linalofunika kishikwambi mbele na nyuma, na ndani yake kuna kibodi inayobanduka: imeshikwa kwa sumaku, ukitaka unaitoa na kuiweka pembeni. Yapo mengine ambayo kibodi imeshonewa humo humo, haitoki. Hayo yaache, hata kama ni rahisi zaidi kwa elfu kumi. Kava hutengenezwa kwa umbo la kifaa kimoja. Kifaa kikivunjika au ukikiuza, kava halina kazi tena. Kibodi inayobanduka inahamia kwenye simu, inahamia kwenye kishikwambi kitakachofuata, na hata mtoto anaweza kuiunganisha na televisheni yenye Bluetooth. Ikitangulia kufa kibodi, kava linaendelea kulinda kioo. Kwa mtu anayenunua kwa mshahara wake, hilo lina uzito kuliko rangi na kuliko jina lililopigwa chapa kwenye boksi.

Kuhusu bei, zinazopita mikononi mwangu nyingi zimenunuliwa kati ya elfu hamsini na laki moja, na zinapanda na kushuka kila mzigo mpya unapoingia. Za kampuni zenyewe zina bei ya kutisha. Magic Keyboard Folio ya Apple ilitoka mwaka 2022 kwa dola 249 huko Marekani. Galaxy Tab A8 ya Samsung, kishikwambi kizima chenye kioo na betri na kila kitu, ilianza kuuzwa huko huko kwa takriban dola 230. Yaani kibodi ya mmoja inamzidi bei kishikwambi cha mwingine. Sisi hatuendi huko. Tunatafuta kitu cha kampuni isiyojulikana kinachofanya kazi, na vipo.

Namba ya modeli kwanza

Ukiingia dukani muuzaji atakuuliza, "Inchi ngapi?" Ukijibu "kumi", ameshapanda stuli na boksi linashuka. Hapo ndipo watu wanapopotezea hela. Inchi ni kipimo cha kioo kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, basi. Hazikuambii upana wa bodi, wala unene wake, wala kamera imekaa wapi, wala tundu la chaji liko upande gani.

Chukua Galaxy Tab A7 na Galaxy Tab S6 Lite. Vyote vya Samsung, vyote inchi 10.4. Lakini A7 ina milimita 247.6 kwa 157.4, na S6 Lite ina 244.5 kwa 154.3. Tofauti ni milimita tatu tu kila upande. S6 Lite ukiiweka kwenye kava la A7 itacheza ndani na siku moja itachomoka njiani. A7 ukiiweka kwenye kava la S6 Lite haiingii, na kijana wa duka akiikandamiza kwa dole gumba utasikia plastiki inavyolia. Mwambie aache.

Samsung hao hao wametoa Tab A9 na Tab A9+. Ile alama ya kujumlisha usiione ndogo: A9 ni inchi 8.7 na A9+ ni inchi 11. Ukiagiza kwa ujumbe wa simu ukaandika "A9" bila kujumlisha, utaletewa kava ambalo kishikwambi chako kitalilalia juu.

Wenye iPad mna nafuu na mna mtego. Nafuu ni kwamba iPad ya kizazi cha saba, cha nane na cha tisa zina bodi ile ile ya inchi 10.2, kwa hiyo kava la mojawapo linavaa zote tatu. Mtego ni kizazi cha kumi, cha mwaka 2022: kioo kikawa inchi 10.9, bodi ikapanuka, tundu likabadilika kuwa Taipu-C. Kava la 10.2 halikijui kabisa kizazi hicho. Muuzaji akikwambia "hizi iPad zote sawa", msikilize kwa heshima halafu toa rula.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, ingia kwenye mipangilio, shuka hadi mwisho kwenye sehemu inayosema kuhusu kifaa, uandike namba ya modeli kwenye karatasi. Kwa Samsung inaanza na SM: kwa mfano Tab A8 ya Wi-Fi ni SM-X200, na ya laini ni SM-X205. Hizo mbili bodi ni moja, kava lake ni moja. Kwa iPad, geuza nyuma, kuna maandishi madogo sana chini yanayoanza na herufi A na tarakimu nne. A2602, kwa mfano, ni kizazi cha tisa cha Wi-Fi. Kama macho yamechoka, ipige picha kwa simu halafu uikuze. Nyuma ya boksi la kava huwa kuna orodha ya modeli. Namba yako isipokuwepo, hilo si lako.

Sasa walimu wangu. Vishikwambi vile vya serikali vingi ni vya aina ambayo huwezi kukuta kava lake la kibodi limetundikwa dukani. Usilazimishe. Kaa na kava ulilonalo, ununue kibodi peke yake, na kigogo cha kusimamishia kishikwambi, hata fundi seremala atakuchongea kwa hela ya soda mbili. Yapo pia makava ya jumla yenye lastiki au ndoano za kushika pembe nne. Hayo pima kwa kuvaa hapo hapo dukani, uangalie ndoano isikandamize kitufe cha kuwashia. Na seti nyingine zinakuja na bati dogo lenye gundi la kubandika mgongoni ili sumaku ishike. Usilibandike kwenye kifaa chenye namba ya serikali. Siku ya ukaguzi hutakuwa na maelezo.

Kibodi yenyewe: toa rula, kisha chapa

Kava likishaingia, wengi wanalipa. Subiri. Kava linaingia mara moja. Kibodi utaigusa kila siku.

Weka rula kutoka katikati ya kitufe cha G hadi katikati ya kitufe cha H. Kibodi ya kompyuta ya mezani ina milimita 19. Kibodi nzuri za vishikwambi vya inchi 10 zina 16 au 17, na baada ya kuzizoea vidole havilalamiki. Chini ya 15, mtu mzima mwenye mikono iliyozoea chaki au jembe atakuwa anabonyeza viwili viwili. Ndiyo maana mwenye kishikwambi cha inchi 8.7 namwambia asahau kava lenye kibodi ya saizi hiyo. Achukue kava la kawaida na kibodi ya pembeni ya inchi 10. Havitalingana mkobani, lakini atachapa.

Halafu kuna jambo ambalo maboksi hayasemi na linatuhusu sisi tunaochapa Kiswahili. Kibodi ndogo zikibanwa nafasi, alama za pembeni kulia ndizo zinazofichwa kwanza chini ya kitufe cha Fn. Na alama ya kwanza kufichwa mara nyingi ni ile ya ng'. Mwingereza ataihitaji mara moja moja. Wewe unayechapa ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'amua, utakuwa unashika vitufe viwili kila sentensi ya pili. Vivyo hivyo mkwaju (/) na alama ya sawasawa (=), ambavyo bila hivyo huandiki bei kama tunavyoiandika.

Kwa hiyo mimi nawapa watu sentensi ya kuchapa dukani, na nimeibandika ukutani kwenye steshenari: Ng'ombe 3 wameng'oa uzio wa zahanati; fidia ni 50,000/= tu. Ichape mara mbili mfululizo bila kukimbia. Ina ng' mbili, ina z na w, ina tarakimu, ina nukta mkato, ina mkwaju na sawasawa. Ukiona umetafuta kitufe kimoja kwa muda, angalia kama kimefichwa au ni ugeni tu. Sikiliza pia kitufe cha nafasi: bonyeza pembe yake ya kushoto, halafu ya kulia. Kwenye kibodi dhaifu upande mmoja unazama bila kuandika. Bonyeza katikati ya kibodi kwa nguvu kidogo. Ikibonyea hadi kugusa meza, baada ya miezi kadhaa itakuwa imepinda.

Sasa upangaji wa herufi, na hapa Kigoma ni lazima niliseme kwa kirefu kwa sababu tumepakana na Burundi na Kongo, watu wa Kifaransa. Mzigo unavuka Manyovu, unavuka ziwa, na ndani yake zimo kibodi za Kifaransa. Alikuja kwangu karani mmoja wa mizigo kutoka Kibirizi, kijana msafi, na kibodi mpya nyeusi inayong'aa, bei ameipata vizuri kuliko wote. "Mama, hii imerogwa. Nikibonyeza A inatoka Q." Nikaigeuza niitazame: mstari wa juu ulianza A, Z, E, R, T, Y, na M ilikuwa imehamia kulia kwa L. Vidole vyake havikuwa na tatizo wala kibodi haikuwa mbovu. Kibodi haipeleki herufi kwenye kishikwambi. Inapeleka taarifa kwamba kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa, na kishikwambi ndicho kinachoamua mahali hapo pana herufi gani kufuatana na mpangilio uliochaguliwa. Kishikwambi chake kilikuwa kwenye mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, wino wa kwenye vitufe ulikuwa wa Kifaransa. Wala hawakuwa wanagombana, hawakutambulishana tu.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha na uingizaji, unatafuta kibodi halisi (kwenye Samsung iko chini ya usimamizi wa jumla), unachagua mpangilio wa Kifaransa. Herufi zitatoka kama zilivyoandikwa, ila tarakimu utazipata kwa kushika Shift, jambo ambalo karani wa mizigo haliwezi siku nzima. Ya pili, unaacha mpangilio wa Marekani na kubandika stika za herufi juu ya vitufe. Yule kijana alichukua stika. Zinafanya kazi, ingawa kwa jasho la Kigoma pembe zake huanza kuinuka.

Wewe ambaye hujanunua bado, angalia tu mstari wa juu: ukianza Q, W, E, R, T, Y, sawa. Kisha angalia kitufe cha 2. Kama juu yake kuna @, ni mpangilio wa Marekani, ambao ndio vishikwambi vingi huja nao. Kama kuna alama za kunukuu, ni wa Uingereza. Utabadilisha kwenye mipangilio na maisha yataendelea. Herufi za Kiarabu au Kichina zikiwa pembeni ya zile za Kilatini hazina madhara yoyote, na mara nyingine zinakupa sababu ya kuomba punguzo.

Kuiunganisha hapo hapo

Usikubali kuambiwa "ukifika nyumbani ichaji kwanza ndiyo uiunganishe". Dukani umeme upo, aichomeke dakika chache. Washa swichi ya kibodi. Kwenye nyingi za bei nafuu unashika Fn pamoja na C hadi taa ya buluu ianze kupepesa, kisha unafungua Bluetooth kwenye kishikwambi na jina la kibodi linajitokeza. Za zamani zinakuonyesha tarakimu kwenye kioo, unazichapa kwenye kibodi yenyewe na kubonyeza Enter. Nyingine zina vitufe vya kuchagua kama unatumia Android, iPad au Windows; ukikosea hapo herufi zitatoka lakini vitufe vya sauti na mwanga vitafanya vituko.

Ikishashika, izime, iwashe tena. Inapaswa kujirudisha yenyewe bila kuanza upya. Isipojirudisha, omba nyingine.

Boksi linaweza kujisifu kwa Bluetooth 5 na nukta zake. Usiongeze hela kwa hilo. Herufi unazochapa ni mzigo mdogo sana, hata toleo la 3 linazibeba bila kuhema.

Zipo kibodi zinazotumia umeme wa kishikwambi chenyewe kupitia vidoti vya shaba pembeni. iPad ya kizazi cha saba hadi cha tisa ina vidoti vitatu. Galaxy za familia ya Tab S, kama S7 na S8, zinavyo pia. Hazihitaji kuchajiwa wala kuunganishwa, na ni tamu kutumia, lakini bei yake ndiyo ile niliyoikimbia mwanzoni. Tab A8, A9 na hata S6 Lite hazina vidoti hivyo, kwa hiyo muuzaji akikuuzia "ya kugusa tu inawaka" kwa ajili ya A8, anakuuzia hadithi.

Na zile za waya zinazochomekwa kwenye tundu la chaji: rahisi kuliko zote, hazina betri ya kufa. Ila kishikwambi lazima kikubali OTG, yaani kiweze kusoma kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la chaji (jaribu kwa kuchomeka flashi yenye adapta, ikisomeka basi inakubali), na ukichapa huwezi kuchaji. Kwa barua fupi zinafaa. Kwa mtihani wa kurasa sita wenye michoro, betri itakuacha njiani.

Umeme, taa na waya

Betri ya kibodi ni ndogo, nyingi ziko kati ya mAh 200 na 500, na bila taa inatosha wiki kadhaa za kazi ya kawaida. Ile "siku 100" ya kwenye boksi ni ya kibodi iliyolala. Kinachomaliza chaji ni taa za chini ya vitufe. Najua utaniambia umeme Kigoma ukikatika unahitaji kuona. Kioo cha kishikwambi kinamulika vitufe vya kutosha, na baada ya mwezi vidole vitajua njia. Za rangi saba zinazobadilika badilika ni za kuwafurahisha wajukuu. Kama zimo na bei ni ile ile, chukua, uzizime.

Tundu la kuchajia kibodi liwe Taipu-C, ili waya mmoja uhudumie vyote viwili. Ila jaribu na waya wako mwenyewe. Kuna kibodi za bei ya chini ambazo hazichaji kabisa kwa waya wenye Taipu-C pande zote mbili. Mtengenezaji ameruka vijirezista viwili vidogo ndani vinavyoijulisha chaja kwamba kuna kifaa kinachotaka umeme, basi chaja ya kisasa inanyamaza. Kwa waya wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, kibodi ile ile inachaji bila neno. Mteja akijua hivyo hapati shida. Asipojua, anaitupa kibodi nzima.

Kusimama na kubanduka

Kava la bei nafuu linasimama kwa njia tatu. Kuna linalokunjwa nyuma likawa pembe tatu: jepesi, rahisi, lakini linataka meza iliyotulia, kwenye mapaja au kwenye kiti cha treni ya kwenda Tabora linaporomoka kila behewa likiyumba. Kuna lenye mguu wa nyuma unaovutwa, hilo linakupa pembe nyingi za kuegemea, ila kagua bawaba zake, zifungue na kuzifunga mara kadhaa. Ikianza kulegea dukani itakuwaje baada ya miezi kadhaa? Na kuna kibodi yenye mfereji ambao kishikwambi kinasimikwa ndani yake. Hili la tatu ndilo ninalolipenda kwa anayechapa mezani kila siku, kwa sababu kibodi na kishikwambi hazitegemeani kwa ngozi inayochakaa.

Ngozi yenyewe si ngozi, ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na kwa joto na unyevu wa ziwani huanza kumenyuka kwenye mikunjo. Ikunje ukiwa umeikaribia: ukiona mistari myeupe kwenye mkunjo ikiwa bado mpya, itamenyuka mapema. Kava gumu la plastiki lenye mpira pembeni halipendezi hivyo lakini linadumu.

Sumaku ijaribu juu ya kitu laini. Bandika kibodi, shika kishikwambi, geuza chini juu juu ya mkoba wako, tikisa taratibu. Ikidondoka kwa mtikisiko huo, fikiria bodaboda ya kwenda Mwandiga. Isidondoke, ila itoke kwa mkono mmoja ukiivuta. Sumaku hizo hizo usizilaze pamoja na kadi ya benki yenye ule mstari mweusi wa nyuma.

Angalia matundu: kamera isifunikwe hata robo, spika zipumue, chaji iingie bila kuvua kava.

Tachipadi, kile kibao cha kusogezea mshale kwa kidole, nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kwenye saizi ya inchi 10 inakula nafasi ya vitufe, vinabanwa juu. Anayeandika barua na mitihani haihitaji. Kioo anakigusa kwa kidole. Makatibu wa vyama vya kahawa wa kule Kalinzi wanaojaza majedwali ya kilo na malipo, hao waichukue, kwa sababu kulenga kisanduku kidogo kwa kidole ni mateso. Kwa iPad hakikisha programu endeshi ni toleo la 13.4 au la baadaye. Kabla ya hapo mshale hautatokea.

Ukiagiza kutoka Dar

Mzigo mwingi unaouzwa Mwanga umetoka Kariakoo, kwa hiyo wengi wanaamua kuruka hatua na kuagiza wenyewe, hasa kwa modeli ambazo huku hazifiki. Sawa, ila muuzaji wa mtaa wa Aggrey, huko Kariakoo, hakujui. Mtumie picha ya namba ya modeli, sio jina la kishikwambi. Mwombe video ya kibodi hiyo hiyo ikiwashwa, herufi za mstari wa juu zikionekana, na picha ya nyuma ya boksi. Atakayekataa kupiga video ya nusu dakika atakataa pia kupokea simu yako mzigo ukifika mbovu. Ukiwa na ndugu Dar, mtume yeye akalipe mkono kwa mkono. Nauli yake ya daladala ni ndogo kuliko hasara. Lipa kwa lipa namba yenye jina la duka, na soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Ongeza gharama ya kifurushi kwenye basi kabla hujalinganisha na bei ya Mwanga, maana mara nyingi tofauti inabaki elfu tano, na kwa elfu tano mimi ningenunua kwa mtu ninayeweza kumfuata kwa miguu.

Risiti dai, hata kama chini yake kumegongwa muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Kabla ya kulipa mwambie, "Kaka, nipe siku saba za kuijaribu, uniandikie hapa nyuma ya risiti." Wengi wanaandika ukiomba kabla ya hela kutoka. Ukiomba baada ya hapo, hakuna.

Ukishaanza kuitumia

Kuna shida moja inayoletwa kwangu kuliko zote, na si ubovu. Mwalimu anakuja amekunja uso: kishikwambi hakitoi tena kibodi ya kwenye skrini, anagusa pa kuandikia wee, hakuna kitu, WhatsApp imemshinda tangu asubuhi. Namuuliza, "Kibodi yako iko wapi?" Iko mkobani. Nafungua mkoba, taa ndogo inawaka: kibodi iliachwa haijazimwa, kishikwambi kinaamini bado anaitumia, hivyo kimeficha ile ya kwenye skrini. Nazima swichi, herufi zinachomoza. Kwenye Android unaweza pia kuruhusu zote mbili zionekane, pale pale kwenye mipangilio ya kibodi halisi.

Zima na usahihishaji wa kujiendesha kama lugha ya kifaa ni Kiingereza, la sivyo Kiswahili chako kitakuwa kinageuzwa neno kwa neno ukiwa umetazama kwingine. Kwenye iPad swichi yake ya kibodi ya nje inaonekana tu wakati kibodi imeunganishwa, kwa hiyo usiitafute kabla.

Vumbi litoe kwa brashi kavu ya rangi, kibodi ikiwa imeinamishwa. Likizo ndefu ikija, ichaji kama nusu na uzime swichi ya pembeni kabisa. Kufunga kava tu hakuizimi kila kibodi. Betri za ukubwa huo zikiisha hadi mwisho na kuachwa hivyo kwa miezi, mara nyingi hazipokei chaji tena, na hakuna fundi hapa Mwanga atakayekubali kuifungua kwa bei isiyozidi ya kibodi yenyewe.